Dhamana ya Mwenye Kuharibu

Baada ya kumshukuru Mwenyiezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), ijulikane ya kuwa sharia ya Kiislamu imepambanua mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: sadaka na dhamana. Sadaka ni hisani. Mwenye kuitoa husifiwa, na asiyeitoa hapelekwi kwa kadhi. Dhamana ni deni. Aliyeharibu mali ya mwenziwe hana budi kuirudisha au kuilipa, apende asipende, na akiisha kulipa haitwi mfadhili.

Asili ya jambo hili imo katika Sura ya Al-Anbiyaa, katika habari ya Nabii Daudi na Nabii Suleiman (A.S.). Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba wakaliharibu. Wafasiri wamepokea ya kuwa Nabii Daudi alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Nabii Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo atumie maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alitengeneze shamba hata lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Na afahamu msomaji: mwenye kondoo hakukusudia kuharibu, bali aliacha tu kuwachunga, na hata hivyo alilazimishwa. Wala mwenye shamba hakuambiwa angoje huruma.

Sasa na ipimwe kwa kipimo hicho hasara ya zama hizi. Makaa ya mawe, mafuta na gesi yakichomwa, na saruji ikitengenezwa, hutoka hewa ya ukaa. Hewa hiyo hudumu angani miaka mingi sana na kuzuia joto lisitoke. Bahari hupata moto ikapanuka, barafu huyeyuka, na maji hupanda. Baina ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kadiri ya sentimita 20.

Katika nchi ya Indonesia, kaskazini ya Jakarta, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Pari, ambacho wengi katika watu wake huishi kwa uvuvi na kwa kupokea wageni. Bahari imewaingilia majumbani na visimani. Mwezi wa Januari 2023, watu wanne wa kisiwa hicho waliishtaki kampuni ya saruji ya Holcim mbele ya mahakama ya Zug, Uswisi, nchi yalipo makao yake. Hawakuomba msaada. Hesabu waliyoitegemea yasema kampuni hiyo ndiyo iliyotoa sehemu 0.42 katika kila 100 ya hewa ya ukaa ya viwanda vyote vya dunia. Basi wakadai ilipe kadiri hiyo hiyo ya hasara yao na ya gharama za kuyazuia maji, kama kupanda mikoko, na tena ipunguze moshi wake.

Huenda mtu akasema: moshi wa wote umechanganyika, nani ajuaye ni wa nani uliomdhuru fulani? Jawabu ni kuwa walioshirikiana katika kuharibu hushirikiana katika kulipa, kila mtu kwa fungu lake. Tena wanavyuoni wa fikhi wamekubali ya kuwa gharama hufuata faida: aliyekula chumo la kitu ndiye achukuaye hasara yake. Mkulima mmoja wa Huaraz, Peru, aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE huko Ujerumani mwaka 2015 kwa hoja ya namna hii. Tarehe 28 Mei 2025 mahakama ya Hamm ililikataa dai lake, kwa kuwa haikuthubutu ya kwamba nyumba yake mwenyewe imo katika hatari kubwa ya kutosha. Lakini ilikiri ya kuwa mtoa moshi mkubwa aweza kulazimishwa kulipa kwa sharia ya nchi ile, ajapokuwa mbali.

Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yaliafikiana kuweka mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na hasara hizi. Ni jambo jema, lakini kila atoaye humo hutoa kwa hiari yake. Huo ni mlango wa sadaka. Mlango wa dhamana uligongwa na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki mwaka 2019, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ikatoa rai ya kuwa dola ikivunja wajibu wake katika jambo hili yaweza kulazimika kulipa fidia.

Basi yampasa Mwislamu wa pwani mambo mawili. La kwanza, ajue ya kuwa ushahidi ni juu ya mdai: kisima kilichoingia chumvi, shamba lililoliwa na bahari, na kaburi lililobomoka viandikwe pamoja na tarehe na majina ya mashahidi, kwani haki isiyo na shahidi hupotea. La pili, ajihesabu nafsi yake: akataye mikoko inayowakinga jirani zake naye pia ana dhamana shingoni mwake, hata kama fungu lake ni dogo.

Wallahu aalam.