Ujue Ukuni Kabla Haujaingia Jikoni
Mwongozo kwa waokota kuni wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa, kaya nyingi za Magu, Sengerema, Misungwi na Ukerewe bado zinategemea mafiga na kuni za kuokota. Ukuni wa kuokota mara nyingi hauna jani wala tunda la kuutambulisha. Si lazima ujue jina la kila mti. Lililo muhimu ni kuitambua mapema miti na mbao zisizofaa kuwashwa.

Vitu vya kuacha

*Mnyaa.* Umepandwa kama uzio katika vijiji vingi vya Usukumani. Matawi mabichi ni ya kijani, membamba na ya mviringo kama penseli, na yakivunjika hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo huunguza ngozi na ukiingia machoni unaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Usiupeleke mekoni, hata mkavu.

*Oleanda.* Ni ua la bustani za mjini, lenye majani marefu ya kuchongoka na maua ya waridi au meupe. Sehemu zake zote zina sumu. Usiuwashe, na usichomee mishikaki kwa vijiti vyake.

*Mbao zilizotiwa dawa au rangi.* Baadhi ya nguzo za umeme na za uzio hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Mbao hizo huwa na rangi ya kijani hafifu, lakini rangi hufifia kwa jua na mvua, kwa hiyo kipande cha nguzo kiache hata kama kimekuwa cha kijivu. Kuzichoma hakuondoi sumu: aseniki hubaki kwenye majivu. Majivu hayo usisugulie sufuria, usihifadhie maharage wala usimwage bustanini. Vipande vya mitumbwi mikuukuu vyenye rangi au lami navyo viache ufukweni.

Dalili za kusoma

1. *Gome.* Je, linabanduka kwa vipande virefu, lina mipasuko, au ni laini?
2. *Miiba.* Je, ipo? Imekaa miwili miwili?
3. *Kiini.* Chonga kidogo kwa panga. Tazama kama katikati ni peusi, pekundu au peupe kote.
4. *Harufu.* Nusa pale ulipochonga pakiwa pabichi.
5. *Uzito.* Linganisha na kipande kingine cha unene uleule kilicho kikavu sawasawa.

Dalili moja haitoshi. Tafuta angalau tatu zinazokubaliana, kisha angalia chini ya mti ulio karibu: majani na maganda ya mbegu mara nyingi hutoa jibu.

Miti utakayokutana nayo

*Mgunga.* Aina nyingi zina miiba miwili miwili na gundi kwenye gome. Ni mzito, una moto mkali na makaa yanayodumu. Unafaa kwa maharage na makande.

*Mjohoro.* Kiini ni cheusi au cha kahawia iliyokoza, na maganda ya mbegu ni marefu na bapa. Huwaka vizuri lakini una moshi mwingi, kwa hiyo upikie nje.

*Mkaratusi.* Majani yamepinda kama mundu na hunukia dawa ya mafua. Aina nyingi hubandua gome. Upasue ukiwa mbichi, maana ukikauka hukaidi shoka.

*Mwarobaini.* Majani ni machungu, yenye kingo za msumeno. Kiini huelekea wekundu.

*Mwembe.* Utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Uache ukauke kabisa kwanza.

*Mti wa majini.* Ukuni mnene lakini mwepesi ajabu, uliotupwa na mawimbi, huenda ni ule mti uotao pembezoni mwa ziwa ambao wavuvi huufanya boya. Huisha upesi, utumie kuwashia moto tu.

Pima ukavu

Gonganisha vipande viwili. Vikavu hulia kwa sauti kali, na vibichi hutoa mlio mzito. Ukuni mkavu una nyufa kwenye ncha na gome lake huachia kirahisi. Mti mzuri ukiwa mbichi hutoa moshi mwingi kuliko mti hafifu uliokauka. Kuni zilizookotwa ufukweni zipasue, zipange juu ya mawe na uzifunike juu tu, upepo upite pembeni.

Okota kwa ruhusa

Ngitili, yaani eneo la malisho na miti lililotengwa, ina mwenyewe, awe mtu, ukoo au kijiji: omba kwanza. Katika misitu ya hifadhi fuata Sheria ya Misitu ya 2002 na upate kibali. Visiwa vya Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, usiokote humo.

Mti mmoja huwa na jina tofauti kwa Kisukuma, Kikerewe na Kijita. Ukikwama, usipeleke jina peke yake kwa afisa misitu wa wilaya. Peleka gome, tawi lenye majani na tunda au ua, ikiwa vipo.

Ukipata madhara

Utomvu ukiingia jichoni, usifikiche. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya na ueleze ni mti gani. Moshi wa ukuni usioujua ukikuwasha koo au kukutia kizunguzungu, toka nje na watoto, na moto uzimwe kwa mchanga. Vipande vilivyobaki usivirudishe kwenye rundo wala usimpe jirani.