Pima Kabla ya Kuitisha: Vidokezo kwa Mlaji wa Nyamasaria

Jua likianza kutua, steji ya Nyamasaria, hapa Kisumu, hunukia chakula. Abiria wanashuka matatu na njaa yao, na pale pale kando ya barabara ya Nairobi kuna samaki, ugali, smoki, mayai ya kuchemsha, na kabati za kioo zenye balbu ndani, chipsi zimerundikwa hadi juu. Kula nje hakuna ubaya. Wengi wetu tunaishi vyumba vya kupanga na kazi hutuchelewesha. Kinachonitia wasiwasi ni kipimo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake walikaribia 39. Marekani, watu wazima zaidi ya 40 katika kila 100 wana unene wa kupindukia. Huko tusifike.

1. Ukiambiwa "ongeza kidogo upate kubwa", kataa.

Mbinu hii ina historia. David Wallerstein alifanya kazi katika kampuni ya majumba ya sinema huko Chicago, akaona kwamba watazamaji hawarudi kununua bisi mara ya pili hata wakizitamani. Waliona haya kuonekana walafi. Akawawekea pakiti moja kubwa, wakainunua bila haya yoyote. Baadaye, akiwa kwenye bodi ya kampuni ya McDonald's, alimshauri mkuu wake, Ray Kroc, afanye vivyo hivyo na chipsi. Kroc alibisha kwanza: anayetaka zaidi si anunue mbili? Mwishowe alikubali, na vipimo vikazidi kupanda hadi kile kikubwa kabisa, Super Size, ambacho kampuni ilianza kukiondoa mwaka 2004.

McDonald's haina duka Kenya, lakini hesabu ya Wallerstein imeshafika kwetu. Ile pesa kidogo ya kuongeza inaonekana kama nafuu, kumbe unalipia chakula ambacho hukuwa umekihitaji. Itisha ndogo, ule, ukae kidogo. Ukiwa bado na njaa, nunua nyingine bila kumwonea mtu haya.

2. Soda iwe chupa ndogo, tena ya kioo.

Chupa ya kwanza maarufu ya Coca-Cola ilibeba chini ya mililita 200. Leo kijana anashushia chipsi zake soda ya nusu lita peke yake. Nusu lita ya kola ina sukari ya gramu 50 hivi, takriban vijiko 12 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana akomee 25. Ile ya kioo ya mililita 300 ina unafuu. Mnaweza hata kuigawana. Maji ndiyo bora kuliko zote.

3. Samaki mchague kwa macho yako.

Hapa tuna bahati. Hoteli nyingi za samaki Kisumu, kuanzia Dunga hadi kwetu, hukuonyesha samaki kabla hujalipa. Ngege (tilapia) wamepangwa kwenye sinia kwa ukubwa na bei inafuata ukubwa. Anayeagiza kwa kutazama picha ukutani hana nafasi hiyo, basi itumie: "Mama, nipe huyu mdogo, lakini mboga iwe nyingi." Yule mkubwa anayejaza sinia muitishe mkiwa wawili au watatu, mnawe mikono, mle pamoja. Mtu akitoa miiba huku akiongea hawezi kula kwa pupa, na shibe inamfikia kabla hajavimbiwa. Kichwa msikiache. Ndipo penye utamu, na hakiliwi kwa haraka.

4. Ugali nusu, mboga mara mbili.

Tusiwasingizie Wamarekani kila kitu: ugali wa hotelini ni wetu wenyewe. Mhudumu anapindua donge kwenye sahani, linatoa mvuke, na mara nyingi linatosha watu wawili. Sema mapema unataka nusu, kisha uongeze mboga za kienyeji: osuga, akeyo, apoth au boo. Akeyo iliyopikwa na kurudiwa kwa maziwa hadi uchungu ukaisha ni chakula cha heshima, na inasikitisha kuona vijana wakiiita chakula cha wazee.

5. Chungulia karai.

Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka nje na meli zikachelewa, na Wakenya wakauliza kwa hasira viazi vya wakulima wetu vina kasoro gani. Havina. Kwenye kibanda unaviona vikimenywa na kukatwa mbele yako. Pa kuangalia ni mafuta. Yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi mapema, yamerudiwa sana. Pita uende kwa jirani. Au chukua samaki wa mchuzi badala ya wa kukaanga mkavu.

6. Sema "nifungie".

Hii ni desturi ya Wamarekani ninayoipenda: chakula kikibaki, wanakibeba kwenda nacho nyumbani. Hapa Kenya mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo tembea na mkebe wenye kifuniko. Ila joto la Kisumu halina huruma. Kama huna friji, samaki aliyebaki aliwe usiku huo huo.

7. Ukimtembelea ndugu yako Marekani, gawaneni.

Mikahawani huko sahani moja huja na nyama, viazi, mkate na saladi, na soda hujazwa tena na tena bila malipo. Kataa kujaziwa. Agizeni sahani moja mkiwa wawili na muombe nyingine tupu mapema, wahudumu wamezoea. Kumbuka pia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 juu ya bili, uijumlishe kabla hujaitisha.