Mpira wa mashine unapasuka kila mara, ninunue upi?

SWALI: Nina sehemu ya kuoshea magari na bodaboda hapa Tegeta, Dar es Salaam. Mashine yangu ni ya petroli, imeandikwa bar 200, lita 15 kwa dakika. Mpira uliokuja nayo ni wa plastiki, mita 10, na umeshapasuka karibu na bunduki. Tumeufunga kwa ukanda wa tairi na klipu, lakini bado unavuja. Muuza spea ananiambia nichukue wa mita 30, mwembamba, bei yake nafuu na utazunguka gari lolote. Nifanyeje?
Kijana wa Tegeta

JIBU: Kwanza zima mashine. Hapo ulipofunga ukanda wa tairi ndipo penye hatari. Maji ya bar 200 yakichomoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi. Kwa nje utaona mkwaruzo tu, kumbe ndani nyama inaharibika. Akipatwa mtu, ni hospitali saa hiyohiyo, na amweleze daktari wazi kwamba ni maji ya presha. Na msipapase mpira kwa mkono kutafuta unapovuja.

Sasa huo mpya. Soma maandishi ya ubavuni. Mara nyingi utakuta presha mbili: ya kufanyia kazi na ya kupasukia. Hii ya pili huwa kubwa, kwa kawaida mara nne ya ile ya kwanza, na muuzaji mjanja ndiyo atakayokutajia. Wewe shika ya kufanyia kazi. Kwa mashine yako tafuta bar 250 kwenda juu, yaani kama psi 3,600, maana kila unapoachia kifyatulio presha hupanda ghafla. Usio na maandishi uache dukani.

Kwa kazi ya kutwa chukua wa raba wenye wavu wa waya wa chuma ndani. Ni mzito, vijana watalalamika, lakini ule wa plastiki unamfaa mtu anayeosha gari lake Jumamosi kwa Jumamosi. Hujikunja kwenye shingo ya bunduki, na wako ndipo ulipopasukia.

Habari ya mita 30 mwembamba siiafiki hata kidogo. Kwa lita 15 kwa dakika, mpira wenye tundu la milimita 6 hula takriban bar 25 katika mita 20. Wa milimita 8 hula kama bar 7, wa milimita 10 bar 2 au 3 tu. Huo wa mita 30, ukiwa wa milimita 6, utameza karibu bar 40 kabla maji hayajafika kwenye bunduki, na petroli umeshailipia. Nunua wa milimita 10, mita 15 au 20. Hiace nzima utaizunguka bila kuhamisha mashine.

Nenda dukani na ncha ya mpira wa zamani. Nati nyingi za mashine hizi ni M22, ila pini ya ndani iko ya milimita 14 na ya 15. Nati itaingia vizuri kote kote, lakini ukikosea pini itavuja hata ukaze kwa spana mpaka mkono uume. Chukua na oringi za akiba.

Ule wenye viraka ukate vipande leo, kabla kijana wa zamu hajauunga tena.