Tujue Mnyororo wa Kunyanyulia Mizigo

SOMO LA UFUNDI



Sisi watu wa Tanga tunaijua kamba. Katani ililetwa kwenye pwani yetu mwaka 1893, na tangu hapo wengi wameishi kwa kuikata, kuianika na kuisokota. Kamba ikichoka, nyuzi zake husimama na kukatika moja moja. Hata mtoto ataiona.

Mnyororo wa chuma hauna tabia hiyo. Unaweza kuonekana mzima asubuhi, na mchana ukakatika ghafla. Wazee walisema kamba hukatikia pabovu. Mnyororo nao ni hivyo hivyo. Pete 99 zikiwa nzima na moja mbovu, basi mnyororo wote ni mbovu.

Minyororo ipo kazini kila mahali. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati la Tanga. Mizigo ilishushwa kwenye matishari, halafu ikanyanyuliwa tena kupandishwa gatini. Sasa bandari imechimbwa kufikia kina cha mita 13, na meli zinafunga gatini, lakini kazi ya kunyanyua haikwisha. Kwenye kiwanda cha katani, mashine ya korona ikiharibika hunyanyuliwa. Kijijini nako, injini ya trekta hutolewa kwa chenibloku iliyofungwa juu ya boriti.

Penye kazi hiyo, mtu yupo karibu. Mnyororo ukikatika haumchagui fundi wala kibarua. Kwa hiyo leo tujifunze kuutambua mnyororo unaofaa. Kazi hii inataka macho, rula, na ile elimu yetu ya kusoma na kuhesabu.

1. SI KILA MNYORORO NI WA KUNYANYULIA

Dukani utakuta minyororo mingi. Upo wa kufungia mbwa, wa kufungia lango, wa nanga, wa kuvutia gari na wa kufungia magogo juu ya lori. Yote ni minyororo, lakini haikutengenezwa kunyanyua mzigo hewani.

Mnyororo wa kunyanyulia una pete fupi. Pima unene wa chuma cha pete. Kisha pima urefu wa tundu la ndani. Kwa kawaida urefu huo ni mara tatu ya unene. Unene ukiwa milimita 10, tundu litakuwa na urefu wa milimita 30 hivi. Pete zikiwa ndefu sana, uache. Pete ndefu hupinda upesi.

Usidanganywe na rangi. Watengenezaji hupaka rangi wanayotaka, na hata fundi wa mtaani anaweza kupaka. Rangi si ushahidi.

2. TUSOME ALAMA

Sasa chukua kitambaa, futa mafuta na vumbi. Tazama pete moja baada ya nyingine. Mnyororo halali wa kunyanyulia una alama iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Alama hiyo hairudiwi kwenye kila pete. Hurudiwa kila baada ya pete kadhaa, basi usikate tamaa mapema.

Ukiona 8, 80 au 800, huo ni mnyororo wa daraja la 80. Ukiona 10, 100 au 1000, huo ni wa daraja la 100, wenye nguvu zaidi. Namba hizi hazionyeshi unene. Zinaonyesha uimara wa chuma. Wengi hukosea hapo: wanaona 8 wakadhani ni milimita 8.

Ukiona 30, 43 au 70, huo si wa kunyanyulia mzigo juu. Na usipoona alama yoyote? Jibu ni moja: usinyanyue nao. Mnyororo usio na alama ni kama dawa isiyo na jina kwenye chupa.

Mnyororo uliokwisha kuungwa na kulabu zake huwa na kibati pia. Hapo husomwa uzito unaoruhusiwa, mara nyingi pembeni ya herufi WLL au SWL. Herufi t maana yake ni tani. Tani moja ni kilo 1,000.

3. UNENE NA UZITO

Haya ndiyo mizigo ya mwisho kwa mnyororo wa daraja la 80, mguu mmoja, ulioning'inia wima:

Unene milimita 7: tani 1.5
Unene milimita 8: tani 2
Unene milimita 10: tani 3.15
Unene milimita 13: tani 5.3
Unene milimita 16: tani 8

Tazameni vizuri. Unene ukitoka milimita 8 kwenda 16 umeongezeka mara mbili, lakini nguvu imeongezeka mara nne. Kwa hiyo tofauti ndogo ya unene si ndogo kazini. Usipime kwa jicho. Pima kwa kalipa au rula nzuri.

Tufanye hesabu. Robota la kawaida la katani lina kilo 250. Marobota 8 ni 8 × 250 = kilo 2,000, yaani tani 2. Je, mnyororo wa milimita 8 unatosha? Marobota peke yake yamefika kwenye mpaka. Lakini kulabu na vyuma vya kunyanyulia navyo vina uzito. Hivyo tunatumia wa milimita 10, au tunapunguza marobota.

Pengine fundi atawaambia, "Mnyororo huu unabeba hata mara nne ya hapo." Ni kweli kwamba mnyororo mpya hutengenezwa usikatike mpaka mzigo ufike karibu mara nne. Lakini akiba hiyo si ya kutumiwa. Mzigo ukishtuliwa au ukidondoka kidogo halafu ukadakwa na mnyororo, nguvu yake huongezeka sana kwa nukta moja. Akiba imewekwa kwa ajili ya mshtuko huo.

4. MIGUU MIWILI

Mara nyingi mzigo hufungwa kwa miguu miwili inayokutana juu. Watu husema, "Miguu miwili, nguvu mara mbili." Sivyo.

Fikirini watu wawili wanaobeba ndoo ya maji. Wakisimama karibu, ni rahisi. Wakiachana mbali, mikono yao huvutwa pande mbili na wote hutaabika, ingawa maji ni yale yale. Mnyororo hupata taabu hiyo hiyo.

Mnyororo wa milimita 8 wenye miguu miwili hubeba tani 2.8, kama kila mguu haukuinama zaidi ya nyuzi 45 kutoka wima. Ukiinama kati ya nyuzi 45 na 60, ni tani 2 tu. Zaidi ya 60 ni marufuku.

Kama huna cha kupimia nyuzi, tumia njia hii: umbali kati ya kulabu mbili za chini usizidi urefu wa mguu mmoja. Hapo uko salama kwa upande wa nyuzi.

5. MNYORORO UMECHAKAA?

Kagueni kila siku kabla ya kazi.

Kwanza, unene. Pete husagana zinapogusana. Pima mahali palipolika, mara mbili, kwa pande mbili tofauti. Jumlisha, gawa kwa 2. Unene ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, mnyororo hautumiki tena. Mfano: mnyororo wa milimita 10 umepimwa 9.4 na 8.4. Jumla ni 17.8. Gawa kwa 2, unapata 8.9. Mpaka ulikuwa 9. Basi umekwisha.

Pili, urefu. Mnyororo uliozidishiwa mzigo hurefuka. Pete kumi za mnyororo wa milimita 10, zikipimwa kutoka mwanzo wa tundu la kwanza mpaka mwanzo wa tundu la kumi na moja, ni milimita 300. Zikifika 315, hazifai kabisa.

Tatu, ufa, kupinda, kutu iliyokula chuma, au pete zisizocheza.

Usiunge mnyororo kwa nati na bolti. Usifunge fundo. Usipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Moto huharibu uimara wa chuma hata kama kiungo kinaonekana kizuri. Na mnyororo wa chenibloku usibadilishwe kwa wowote ule, maana hupita kwenye gurudumu lenye vishimo vya kipimo chake. Tafuta wa mtengenezaji wake.

6. HAKI YAKO

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kuweka vifaa vilivyo salama. Bandarini, Mkataba wa Kimataifa Na. 152 wa mwaka 1979 unataka minyororo ichunguzwe kikamilifu na mtaalamu angalau kila miezi 12. Kwa hiyo kibarua anayeuliza, "Kibati cha mnyororo huu kiko wapi?" hafanyi ukaidi. Anafanya kazi yake. Na hata mnyororo ukiwa mzuri, mtu asisimame chini ya mzigo.

MASWALI

1. Alama ya 8 kwenye pete inaonyesha nini?
2. Utafanya nini na mnyororo usio na alama?
3. Marobota 12 ya katani, pamoja na vyuma vya kilo 100, yananyanyuliwa kwa mguu mmoja wa daraja la 80. Mnyororo mwembamba kuliko yote unaofaa ni wa milimita ngapi?
4. Mnyororo wa milimita 13 umelika mpaka milimita 11.5. Utumike?

MAJIBU

1. Uimara wa chuma, daraja la 80. Si unene.
2. Usiutumie kunyanyulia.
3. 12 × 250 = 3,000. Ongeza 100, ni kilo 3,100. Milimita 10.
4. Hapana. Mpaka wake ni 11.7.

Someni somo hili pamoja na wenzenu kazini. Asiyejua kusoma asomewe, maana naye husimama karibu na mzigo huo huo.