Mitambo ya Upepo Inayoelea Baharini

Kina cha bahari kikizidi mita 60 hivi, kusimika nguzo ya mtambo chini huwa ghali mno. Hapo mtambo huwekwa juu ya boya kubwa lililofungwa kwa minyororo na nanga. Kumbuka mfano wa Hywind Scotland, karibu na Peterhead: mitambo 5, jumla megawati 30, ilizinduliwa mwaka 2017.

Usiandike tu kwamba upepo ni bure, basi umeme wake ni rahisi; hapo ndipo alama hupotea. Sehemu kubwa ya fedha hutumika kabla ya umeme wa kwanza kuuzwa, nyingi zikiwa za mkopo. Ndiyo maana benki hudai mkataba wa bei wa miaka mingi.

Swali: Riba ikipanda, kwa nini umeme huu huathirika kuliko wa gesi?