Maombi Mawili ya Nehemia: Somo kwa Anayetafuta Kazi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Nehemia 1 na 2, Mwanzo 41:14–41



Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Tukipiga magoti, tunaomba. Tukimwandikia mwajiri barua, pia tunaomba. Yote yanaitwa maombi. Nehemia alifanya yote mawili, na leo nataka tumfuate hatua kwa hatua, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa vizuri maombi ya kwanza, lakini haya ya pili tumeachiwa tujifunze wenyewe.

Kwa miaka mingi kazi yangu ya ofisini imekuwa kupokea na kuchuja barua za watu wanaoomba kazi. Jumatano jioni nakaa na vijana wetu hapa kanisani tukipitia barua zao. Na kuna jambo linaniuma. Kijana anatuma barua arobaini na hakuna anayejibu. Mwezi wa tatu anaanza kusema amefungwa. Mwezi wa sita mtu anamwambia kuna laana ya ukoo. Anafunga siku tatu, na kufunga ni kuzuri. Lakini ukiichukua ile barua uisome, unakuta ni barua moja iliyonakiliwa mara arobaini, na haitaji hata ni kazi gani anaomba. Mpendwa, hapo usimtafute shetani. Hiyo ni barua tu, na barua inarekebishika.

Sikuahidi kazi. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na mtu anaweza kufanya kila kitu sawa na bado asiitwe. Lakini kuna watu wanaoachwa nje na wana sifa zote, na hao ndio nawaandikia.

1. Jibu kile ulichoulizwa

Nehemia aliomba na kulia mbele za Mungu tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, kama miezi minne. Kisha mfalme Artashasta akamuuliza anataka nini. Angalia alivyofanya: aliomba kimoyomoyo, halafu akajibu swali. Hakuanza kumweleza mfalme maisha yake yote. Alisema anataka kutumwa Yuda akaujenge mji.

Tangazo la kazi ni swali. Lisome mara mbili, kalamu mkononi, upige mstari chini ya kila sharti la lazima. Anayechuja barua ana rundo mbele yake na karatasi ya masharti. Anatia alama: cheti kipo, miaka ya uzoefu ipo, leseni ipo. Asipoliona sharti, anaweka barua kando na kushika nyingine. Hana nafasi ya kukisia. Kwa hivyo kama tangazo linasema wanataka mtu wa kuandaa ripoti za kila mwezi, na wewe umewahi kuziandaa, tumia maneno hayo hayo na uyaweke ukurasa wa kwanza.

Andika jina la kazi na nambari ya tangazo juu ya barua. Angalia siku ya mwisho, na saa pia. Wakisema saa kumi na moja jioni, usitume saa kumi na moja kasorobo huku umepanga foleni saiba na stima inapotea. Tuma siku mbili kabla.

2. Taja mambo kamili

Mfalme alipouliza safari itachukua muda gani, Nehemia alimpa muda. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto. Akaomba barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ya mbao, na akasema mbao ni za nini: malango ya ngome, ukuta wa mji, na nyumba atakayokaa. Huyo ni mtu aliyekuwa amepiga hesabu huku akiomba.

Dada mmoja wetu alikuwa ameandika kwenye CV yake kwamba yeye ni mchapa kazi, mwaminifu, na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nikamuuliza, "Dada, pale dukani ulikuwa unafanya nini hasa?" Akasema alikuwa anafungua saa moja asubuhi, anahesabu pesa jioni, anaandika hesabu ya bidhaa karibu 300 kila mwisho wa mwezi, na amefundisha wasichana wawili wapya. Nikamwambia, "Si uandike hayo?" Maneno kama mchapa kazi kila mtu anayo. Hesabu ya bidhaa 300 ni yake.

Akasema pia ameweka daftari la sadaka ya Shule ya Jumapili kwa miaka miwili, lakini hakudhani ni kazi. Ni kazi! Kama umeongoza vijana, umepanga kongamano, umepiga mitambo ya sauti, andika, mradi iwe kweli na ihusiane na nafasi unayoomba. Baada ya marekebisho alituma maombi sita. Aliitwa mahojiano mara mbili. La kwanza hakupata, la pili akapewa kandarasi ya miezi sita. Si muujiza wa kupigiwa kelele, lakini kodi inalipwa.

CV ya kurasa mbili inatosha kwa wengi wetu. Anza na kazi ya karibuni zaidi. Dini, kabila na idadi ya watoto si lazima kuandika kama hujaulizwa.

3. Tafuta barua zako mapema

Nehemia aliomba barua kabla ya kuanza safari, hakungoja azuiliwe njiani. Wewe pia weka tayari kitambulisho, cheti cha KCSE na vya chuo, na PIN ya KRA. Cheti cha tabia njema kutoka DCI huombwa kupitia eCitizen na lazima ukachukuliwe alama za vidole, kwa hivyo si jambo la siku moja. Skani vyeti vizuri. Usipige picha ya cheti kikiwa juu ya shuka ya kitanda. Tangazo lisiposema vingine, weka kila kitu katika faili moja la PDF na ulipe jina lako, si "CV mpya ya mwisho kabisa".

Wale unaowataja wakutolee habari, wapigie kwanza. Mchungaji akipigiwa simu ghafla na hajui unaomba kazi gani, atasema tu wewe ni mtu mzuri. Mtumie tangazo. Na nambari yako ya simu iwe hewani. Nimewahi kumpigia mtu mara tatu bila kumpata, tukamwita aliyefuata.

4. Usiombe kwa uongo wala kwa hongo

Mwezi wa Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi vimepatikana katika ukaguzi wa wafanyakazi wa serikali. Baadhi ya hao walikuwa wamekaa kazini miaka. Cheti cha uongo kinaweza kukuingiza, halafu kikutoe mbele ya watoto wako. Kama ulipata D, ni D. Omba kazi inayokubali D, na uendelee kusoma.

Na yeyote anayekuambia utume pesa kwa M-Pesa ndio upate nafasi ya mahojiano, mwache. Tume yenyewe haitozi ada ya kuomba kazi. Jirani zetu wamekopa chama wakamtumia mtu wasiyemjua "ya faili", na nambari ikazimwa jioni hiyo hiyo.

5. Ukiitwa, kumbuka Yusufu

Yusufu alitolewa gerezani kwa haraka, lakini kabla ya kusimama mbele ya Farao alinyoa na kubadilisha nguo. Kisha hakuishia kufasiri ndoto. Alitoa mpango: sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba katika ile miaka saba ya shibe. Jua shida ya wale wanaokuhoji. Soma kuhusu kazi yao, uende na jambo moja ambalo ungefanya miezi ya kwanza. Jua jengo liko wapi siku moja kabla, ndio matatu isikucheleweshe.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Nehemia aliomba nini kwa Mungu, na nini kwa mfalme? Yalitofautiana wapi?
2. Ni huduma gani unafanya kanisani ambayo hujawahi kuiandika kwenye CV?
3. Ni nani katika kikundi chenu anatafuta kazi? Wiki hii, wawili wakae naye wasome barua yake kwa sauti kabla hajaituma.

Tuombe: Baba, wakumbuke wanao ambao simu zao hazijalia. Waondolee aibu. Wape subira ya Nehemia na macho ya kusoma kila sharti. Na sisi tulio na kazi, utupe moyo wa kuwasaidia. Katika jina la Yesu, amina.