Bei ya Mchezo na Tabia ya Mchezaji: Darsa Kutoka Sokoni Bwera



Ndugu zangu wanafunzi, darsa hili naliandika nikiwa mkosaji kabla ya kuwa mwalimu. Likizo ya mwaka wangu wa pili nilikuwa nyumbani Bwera. Mama yangu huuza maharage katika soko la Lhubiriha, karibu na mpaka wa Mpondwe, na wateja wake ni wa Uganda na wa Kongo. Siku ya kurudi chuoni alinipa Sh. 150,000 za kumaliza deni la hosteli. Wiki tatu baadaye, deni likiwa bado halijalipwa, nilikuwa na Sh. 64,000 tu. Sikuibiwa. Sh. 86,000 ziliishia katika mchezo mmoja wa simu, mchezo ambao niliupakua bure.

Nilifungua jumbe za malipo nikazihesabu. Zilikuwa 31: hapa Sh. 2,000, pale Sh. 3,000, mara chache Sh. 5,000. Nikajiuliza: kama mchezo ule ungeniambia siku ya kwanza, "Toa Sh. 86,000 ndipo uingie," ningetoa? Nisingetoa hata Sh. 10,000. Basi kilichonivuta hakikuwa mchezo peke yake. Ilikuwa ni namna bei yake ilivyopangwa. Hilo ndilo somo letu leo.

Bei hufundisha tabia

Tuanze na jambo tunalolijua. Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza Sh. 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini tabia zilibadilika haraka: wengi walijifunza kutumia VPN ili wasilipe, hata wale ambao hawakuwa wamewahi kulisikia neno hilo. Mwaka 2021 kodi ile iliondolewa na mahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya bando za intaneti.

Bando nazo zina somo lake. Za usiku wa manane ni nafuu kuliko za mchana. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na pesa nyingi huanza kucheza saa sita usiku, na Alfajiri humkuta ndiyo kwanza amelala. Hakuna aliyemwambia aache Swala. Bei ilimpangia saa ya kucheza, na saa hiyo ikala saa ya Swala. Kwangu ilikuwa hivyo.

Neno "bure" lina nguvu zaidi. Mwaka 2007 Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely walichapisha utafiti ambamo watu walichagua kati ya chokoleti nzuri ya bei ya juu zaidi na ya kawaida ya senti moja. Wengi walichukua ile nzuri. Kila moja ilipopunguzwa senti moja, ya kawaida ikawa bure, na wengi wakaikimbilia hiyo. Tofauti ya bei ilibaki ileile. Neno "bure" ndilo lililowafanya waache kupima.

Bei tatu, wachezaji watatu

Ya kwanza ni kulipa mara moja. Unanunua mchezo, unaucheza, unaumaliza. Muuzaji ameshapata chake, hana haja kubwa ya kukushika usiku kucha. Bei hii pia ni kama ua wa nyumba. Tarehe 6 Desemba 2018 kampuni ya Valve iliufanya mchezo wa Counter-Strike: Global Offensive kuwa wa bure. Kabla ya hapo, aliyefungiwa kwa udanganyifu alipaswa kununua mchezo upya. Baada ya hapo, akaunti mpya haikumgharimu kitu. Valve ilikuwa na daraja la wachezaji wanaoaminika, na waliokuwa wamelipa waliwekwa humo. Juni 2021 ikafunga njia ya wachezaji wapya kulifikia daraja hilo bila kulipa. Mtu asiyeweka kitu haogopi kupoteza kitu.

Ya pili ni "bure", kisha vipande vidogovidogo. Hapa muuzaji bado hajapata chake, kwa hiyo lazima akurudishe. Atakupa zawadi ukiingia kila siku, atakukatisha ukikaribia kushinda, atakuuzia njia ya kuharakisha. Pesa zako atazigeuza kuwa almasi au sarafu za mchezo, ili usione tena kwamba unatoa shilingi. Mchezaji wa bei hii hujifunza kukosa subira.

Ya tatu ni sanduku la bahati. Unalipa kabla ya kujua unachonunua. Huenda ukapata silaha adimu, huenda ukapata takataka. Tufanye hesabu. Tuseme kitu unachokitaka hutoka mara moja katika kila mia, na kila sanduku ni Sh. 2,000. Ukifungua masanduku 100 utakuwa umetoa Sh. 200,000. Wengi hudhani hapo lazima kitoke. La. Bado kuna uwezekano wa takriban asilimia 37 kwamba hujakipata. Mchezaji wa bei hii hujifunza neno moja: "mara ya mwisho tu."

Fiqhi ilikwisha kuliona sanduku hili

Amepokea Imam Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza uuzaji wa gharar na uuzaji wa kijiwe. Moja ya sura za kijiwe walizoeleza wanazuoni ni hii: mnunuzi anarusha kijiwe juu ya nguo zilizotandazwa, na nguo kitakayoiangukia ndiyo yake kwa bei waliyoafikiana. Bei inajulikana, kitu hakijulikani. Ndugu yangu, tofauti yake na sanduku la bahati ni ipi, isipokuwa kwamba kijiwe sasa kinarushwa na kompyuta ya muuzaji mwenyewe?

Kisha tuzingatie Surat al-Maida, aya ya 90 na 91. Kamari imetajwa pamoja na pombe, halafu Mwenyezi Mungu akatueleza inawafanya nini watu: inatia uadui na chuki baina yao, inawazuia na kumkumbuka Yeye na kuswali. Yaani aya imetuonyesha tabia inayozaliwa. Ukitaka kuujua mchezo wako, tazama umekufanya kuwa mtu gani.

Wapo wasio Waislamu waliofika karibu na hapo kwa njia yao. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya kulipia katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo.

Wapo watakaosema, "Lakini kila sanduku lina kitu, sikutoka mikono mitupu." Hoja hii isikilizwe. Lakini je, ulilipia kile ulichopata, au ulilipia tumaini la kile ulichokikosa? Tusichanganye pia mambo: kununua mchezo halali kwa bei inayojulikana, au nguo ya mhusika unayoiona kabla ya kulipa, asili yake ni biashara kama biashara nyingine. Hapo swali linalobaki ni la israfu na la wakati. Mimi si mufti. Mwenye jambo lililomtatiza amuulize shekhe, amweleze bei inavyofanya kazi, si jina la mchezo tu.

Bambo la Mama

Likizo iliyofuata nilimweleza Mama yote. Alinyamaza kitambo, kisha akanionyesha bambo lake, kile chuma chenye ncha anachochoma kwenye gunia ili maharage machache yatoke ayaone.

"Mwanangu, umeniona nikinunua gunia lililoshonwa bila kulichoma?"

"Hapana, Mama."

"Na wewe umenunua mara ngapi?"

"Thelathini na moja."

Hakuongeza neno. Deni la hosteli nililimaliza kwa kubeba magunia yake likizo nzima.

Tangu hapo nina bambo langu, maswali matatu kabla ya kulipa: Ninakijua ninachonunua? Ninajua jumla nitakayolipa mpaka mwisho? Nikikataa leo, mchezo utaniacha niende zangu? Jibu moja likiwa hapana, silipi. Na bando la usiku nimeliacha.

Maswali ya halaqa

1. Kila mmoja ahesabu jumbe zake za malipo ya michezo ya muhula huu. Jumla ni ngapi, na ni pesa za nani?
2. Eleza tofauti ya bei inayojulikana, gharar na kamari kwa mfano wa mchezo unaoujua.
3. Ni Swala ipi inayopotea zaidi kwa ajili ya simu, na ni nini kilichoipangia saa hiyo?

Siku ya Kiyama tutaulizwa kuhusu ujana wetu na mali yetu, tulivipeleka wapi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na jibu.

Wabillahi tawfiq.